CHAKULA NA AFYA: Matunda na mboga kwa bizari, kwa desturi ya Wahindi



Katika jamaa nyingi tunda halihesabiwi kuwa chakula. Mtoto hulichuma njiani na kulila akitembea. Mapera huoza chini ya mti. Mapapai mazuri hupelekwa sokoni, na pengine fedha yake hununua chupa ya soda. Mezani hubaki ugali na maharagi peke yake. Wahindi hufanya vingine. Wao hulitia tunda chumvi, ndimu na bizari, hulichanganya na mboga mbichi, kisha hulipakua katika sahani kwa heshima. Leo tunataka kuwaeleza namna yao, kwa sababu ina faida kubwa kwa damu ya watoto wetu.

Chakula hiki huitwa chaat. Jina hilo latoka katika neno la Kihindi lenye maana ya kulamba. Na kweli, anayekila hulamba vidole. Katika Delhi na miji mingine ya kaskazini ya India, wachuuzi hukiuza barabarani. Katika Pakistani, jamaa za Waislamu hupenda kukiandaa jioni za Ramadhani, wakati wa kufuturu. Kuna na ndugu yake wa mboga tupu: tango, nyanya na kitunguu, vyote vimekatwa vidogo na kutiwa ndimu. Wahindi humwita kachumber, na watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wamempokea kwa jina la kachumbari.

Wala msidhani kwamba vitu vyake ni vigeni kwetu. Tango na embe asili yake ni upande wa India. Lakini papai, pera, nanasi, nyanya na pilipili kali vilitoka Amerika. Baada ya mwaka 1492 Wareno na wasafiri wengine walivieneza katika Afrika na katika India vilevile. Basi Mhindi alipokea mbegu zile zile tulizopokea sisi. Alichoongeza yeye ni bizari, na desturi ya kuvichanganya katika sahani moja.

Faida yake ni nini?

Maharagi, sombe na lengalenga vina madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Lakini chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida. Vitamini C ikiliwa pamoja nacho, katika chakula kile kile, chuma hicho huingia kwa wingi zaidi. Nayo vitamini C imo katika pera, papai, chungwa, nanasi na ndimu. Pera huwa nayo mara tatu au nne kuliko chungwa la uzito ule ule. Ndiyo maana tunasema: tunda lisiachwe njiani, liletwe mezani pamoja na maharagi. Chai nzito, kinyume chake, huzuia chuma. Afadhali inywewe wakati mwingine.

Tena vitamini C huharibiwa na moto, na huyeyuka katika maji. Kwa hiyo matunda na mboga hizi huliwa mbichi, wala hazilowekwi baada ya kukatwa. Papai, embe na karoti huleta pia vitamini A, inayolinda macho. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima ale gramu 400 za matunda na mboga kila siku, bila kuhesabu viazi wala muhogo.

Angalieni usafi kwanza

Kitu kibichi hakina moto wa kukisafisha. Sisi tunaokaa karibu na maziwa makubwa twajua kipindupindu ni nini; na minyoo huingia kwa mlango ule ule. Basi nawa mikono kwa sabuni. Osha kila tunda kabla ya kulimenya, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kisu na ubao vilivyogusa nyama mbichi visitumike kabla ya kuoshwa vizuri. Kama maji safi hayapatikani siku hiyo, chagueni matunda ya kumenywa tu, kama ndizi na chungwa. Ndimu na pilipili haziui vijidudu vyote, hata watu wakisema hivyo.

Vitu vinavyotakiwa kwa watu sita

Tango 1, nyanya 2, karoti 2, kitunguu kidogo 1, mapera 2, nusu ya papai lililoiva lakini lingali gumu, robo ya nanasi, ndizi mbivu 2, ndimu 2, na konzi moja ya karanga za kukaanga. Kwa viungo: kijiko kidogo 1 cha bizari nyembamba, ambayo Wahindi huiita jira, nusu kijiko kidogo cha chumvi, pilipili manga kidogo. Wahindi hutia pia chumvi nyeusi, yenye harufu kama ya yai lililochemshwa, na unga wa embe mbichi zilizokaushwa. Msipovipata, chumvi ya kawaida na ndimu zatosha.

Namna ya kutengeneza

1. Weka bizari katika kikaango kikavu, juu ya moto mdogo. Koroga dakika moja au mbili, mpaka igeuke rangi na kunukia. Iondoe upesi, kwani ikiungua huwa chungu. Ikipoa, itwange.

2. Kata mboga na matunda vipande vidogo vilivyo sawa. Karoti ikwaruzwe. Ndizi ikatwe mwisho, na kukamuliwa ndimu mara moja, isije ikawa nyeusi.

3. Changanya vyote polepole, visipondeke. Tia bizari, pilipili manga na ndimu iliyobaki.

4. Chumvi itiwe wakati wa kupakua, si mapema. Kwa sababu huvuta maji katika tango na nyanya, na sahani yote hulowa.

5. Nyunyiza karanga juu. Kwa watoto wadogo zitwangwe, wasije wakapaliwa. Pilipili kali iwekwe kando, kila mtu mzima ajitilie mwenyewe.

Kiliwe mara, kisikae zaidi ya saa mbili, wala kisiwekwe mpaka kesho.

Hakuna haja ya kuwa na vitu vyote hivi kwa siku moja. Wakati wa mapera, tumieni mapera. Wakati wa maembe, tumieni maembe. Lakini kabla ya kupeleka kapu sokoni, toeni kwanza matunda machache, myaweke kando kwa ajili ya sahani ya watoto wenu. Hayo ni sehemu ya damu yao.