Folda ya flamenko: nusu nakupa, nusu sikupi

Wiki hii mambo ya seva na hifadhidata tuyaweke kando kidogo. Wanaonifahamu wanajua kwamba jioni nikishafunga tarakilishi ya kazi hushika gitaa, na gitaa lenyewe ni la flamenko, muziki wa Andalusia kule kusini mwa Uhispania. Sasa kuna msomaji ameniandikia akitaka nimtumie "folda yote" ya noti nilizo nazo. Folda ninayo. Jibu langu ni kwamba nusu yake nampa leo hii, nusu nyingine simpi, na sababu zinawahusu hata wasiowahi kushika gitaa, hasa sisi waandikaji wa programu.

Noti ninazosema ni tablacha: mistari sita kwa nyuzi sita, na juu ya mistari tarakimu za kuonyesha kidole kikae freti ya ngapi. (Ningeziita tabu, lakini neno hilo tayari lina kazi nyingine.) Si kitu kipya. Rafael Marín alichapisha kitabu cha kufundishia gitaa la flamenko mwaka 1902, kikiwa na noti za kawaida pamoja na tarakimu. Lakini muziki huu haukuishi vitabuni. Kipande kifupi cha gitaa kati ya beti za mwimbaji huitwa falseta, na falseta zilipita kwa sikio: umesikia ya mwenzako, umekwenda nayo nyumbani, umeikata hapa na kuiongeza pale, kesho watu wanasema ni yako. Paco de Lucía mwenyewe hakujifunza kwa kusoma noti. Alikulia katika falseta za Niño Ricardo, ambazo kaka yake Ramón alikuwa akizipiga nyumbani, na ni Sabicas aliyemshauri, Paco akiwa bado kijana, kwamba atunge vyake. Basi anayeniambia kunakili falseta ni wizi, namuuliza, katika flamenko ni nani asiye mwizi?

Tatizo langu haliko kwenye falseta. Liko kwenye karatasi.

Fikiria programu uliyopewa bila msimbo chanzo. Inafanya kazi, lakini ndani huoni kitu. Ukitaka kujua imeundwaje itabidi uifungue kipande kwa kipande. Rekodi ya gitaa ni hivyo hivyo, na anayenukuu ndiye anayeirudisha kwenye msimbo chanzo. Audacity, programu huria ya sauti, inaweza kupunguza kasi ya wimbo bila kushusha sauti yake, na hiyo husaidia sana, lakini sikio bado ni lako. Noti moja ya gitaa yaweza kupigwa kwenye nyuzi mbili tatu tofauti. Uamue ni uzi upi. Uamue kama ni alzapúa, yaani dole gumba likishuka na kupanda, au ni vidole viwili vikipokezana. Halafu mapigo. Bulería ina mzunguko wa mapigo 12, na mkazo kwa kawaida unaangukia 12, 3, 6, 8 na 10. Ukikosea pa kuanzia kwa pigo moja tu, tarakimu zote ni sahihi na muziki wote umeharibika. Dakika moja ya kazi hii inaweza kukulia wikendi nzima.

Ndiyo maana faili za maandishi matupu zinazozagaa mtandaoni zinanichosha. Hazionyeshi noti inadumu muda gani wala kidole gani cha mkono wa kulia kitumike. Nimewahi kupakua bulería moja kutoka sehemu tatu, zote zina kosa lile lile kwenye freti ile ile, na hakuna hata moja yenye jina la aliyenukuu. Unamwambia nani arekebishe? Huo ni msimbo ulionakiliwa bila historia yake, na sote tuliofanya kazi ofisini tunajua mwisho wa msimbo wa namna hiyo.

Wachapishaji nao hawajasaidia. Ghala la OLGA lilianza 1992 katika chuo kikuu cha Nevada, Las Vegas, likikusanya tablacha ambazo watu walizinukuu kwa masikio yao na kuzitoa bure. Lilipata barua za wanasheria miaka ya 90, na 2006 likafungwa kabisa baada ya barua nyingine kutoka kwa vyama vya wachapishaji wa muziki Marekani. Mtu aliyekaa usiku kucha akisikiliza akawekwa kapu moja na aliyepiga picha kitabu cha mwenzake. Mimi hayo nayaona mambo mawili tofauti, hata kama sheria inasema tungo ni ya mtunzi katika hali zote mbili.

Nisieleweke vibaya, sisemi aliyenukuu ndiye mwenye muziki. Flamenko ina kisa chake hapo. Zamani kazi za Paco de Lucía zilihitaji kuandikwa noti ili zisajiliwe kwenye chama cha watunzi cha Uhispania, SGAE. Mwanamuziki aliyeziandika akaingia kwenye rejista kama mtunzi mwenza wa kazi zaidi ya 30, "Entre dos aguas" ikiwemo. Ni baada ya Paco kufariki mwaka 2014 ndipo mahakama ya Madrid ilipoamua kwamba mtunzi ni yeye peke yake. Kuandika ni kazi na inastahili jina na malipo. Kutunga ni kazi nyingine.

Sasa turudi kwenye folda. Nusu ninayokataa kutoa ni vitabu nilivyonunua, vya watu walio hai ambao kazi yao ni hiyo ya kunukuu. Najua hoja ya pili, na ni ya kweli: kitabu kutoka Ulaya, ukiongeza gharama ya posta hadi Nairobi, kinakula pesa ambayo kijana angelipia kodi ya chumba. Bei hiyo inanikera mimi pia. Lakini soko la noti za flamenko ni dogo mno. Huyu si kampuni kubwa ya programu itakayopona hata tukinakili sote. Wanunuzi wachache wakipungua, anaacha, na hakuna mwingine nyuma yake. Heri watatu mchange mnunue kimoja, mkipokezane.

Nusu ninayotoa ni niliyonukuu mwenyewe, nikianza na wazee. Ramón Montoya alifariki 1949. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, mtunzi analindwa maisha yake pamoja na miaka 50, kwa hiyo hapa kwetu ulinzi wake uliisha 1999. Uhispania inawapa waliofariki kabla ya Desemba 7, 1987 miaka 80, yaani kwao Montoya analindwa hadi mwisho wa 2029. Faili moja, halali Nairobi, Madrid ingoje. Wanasheria nao wana hitilafu zao.

Nimemaliza vipande vitatu vya Rondeña aliyoirekodi Paris mwaka 1936. Uzi wa sita unashushwa hadi D na wa tatu hadi F#, kwa hiyo usianze kupiga kabla ya kubadilisha, utadhani nimekosea. Juu ya kila ukurasa pana jina la Montoya, jina langu, mwaka wa rekodi na dakika ambapo kipande kinaanza, ili usikilize mwenyewe. Ukigundua kosa niandikie nirekebishe, na ukimpa mwenzako usifute mistari hiyo ya juu. Nitumie barua pepe, nami nitakutumia.