Ligi Bora ya Timu Mbili

Mwezi wa saba mahindi yakiwa yanavunwa na ligi imesimama, watu wa Tumati, huku Mbulu, hawaishiwi mpira. Ndiyo kwanza unanoga. Usajili umefunguliwa, timu ziko kambini, hakuna aliyepiga hata shuti moja lenye maana, na kila mtu ameshamjua bingwa. Simba wa Msimbazi wameshusha kiungo mkabaji, Yanga wa Jangwani wameachana na winga wao, na lazima awepo kijana mmoja mwenye simu yenye chaji anayesoma majina ya wachezaji wa Ivory Coast na Kongo kana kwamba alisoma nao darasa moja. Sina ugomvi na hilo. Ubishi wa kabla ya msimu ni nusu ya utamu wa mpira, na asiyeupenda akachunge ng'ombe wake.

Ugomvi wangu ni na kauli moja inayofungia kila ubishi. Shabiki wa Simba akiishiwa hoja ataitoa, wa Yanga akizidiwa ataitoa, na hapo watakubaliana, jambo ambalo kwa mambo ya mpira hawalifanyi hata wakiwa msibani: "Vyovyote iwavyo, ligi yetu ni kati ya ligi bora Afrika." Wanatikisa vichwa, wanaagiza chai nyingine. Mimi nasema kauli hiyo si kweli, na kwa mtu wa Mbulu kuirudia ni kujipongeza kwa sherehe ambayo hakualikwa.

Kauli yenyewe ina vyeti, nakubali. IFFHS, shirikisho la kimataifa la historia na takwimu za soka, liliiweka Ligi Kuu ya NBC nafasi ya tano Afrika kwa mwaka 2022, na namba hiyo ikageuka wimbo. CAF nayo inatupa nafasi nne za mashindano ya klabu, mbili Ligi ya Mabingwa na mbili Kombe la Shirikisho, heshima wanayopata wanachama 12 tu. Mkenya akitukera tunamrushia hiyo, ananywea. Lakini ni wangapi kijiweni waliowahi kuuliza namba hizo zinapikwa vipi? IFFHS hujumlisha pointi za klabu tano bora za nchi husika. Ligi yetu ina timu 16, kwa hiyo 11 hazipo kwenye hesabu. Na CAF hawaiangalii ligi hata kidogo.

CAF wanatoa pointi kwa klabu iliyofika hatua ya makundi, basi. Bingwa wa Ligi ya Mabingwa anapata 6, wa pili 5, aliyeishia nusu fainali 4, robo fainali 3, wa tatu katika kundi 2, anayeshika mkia 1. Kwenye Kombe la Shirikisho kila hatua inapungua pointi moja, na mshika mkia anaambulia nusu. Kisha pointi za msimu wa karibuni zinazidishwa kwa tano, za msimu wa kabla yake kwa nne, hivyo hivyo mpaka msimu wa tano kurudi nyuma, unaobaki kama ulivyo.

Tupige hesabu ya misimu mitano, 2020/21 hadi 2024/25. Simba walicheza robo fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2021, robo ya Shirikisho 2022, robo ya Mabingwa 2023 na tena 2024, kisha fainali ya Shirikisho 2025 waliyopoteza kwa RS Berkane ya Morocco. Zidisha, jumlisha: pointi 48. Yanga walifika fainali ya Shirikisho 2023 na kukosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini mbele ya USM Alger, wakacheza robo ya Mabingwa 2024, wakamaliza wa tatu kwenye kundi 2024/25. Pointi 34. Jumla 82. Tanzania nzima, kwa misimu yote hiyo mitano, ina pointi 82.5. Ile nusu ni ya Namungo ya Ruangwa, iliyoshika mkia kwenye kundi lake la Kombe la Shirikisho msimu wa 2020/21.

Hiyo ndiyo "ligi bora". Pointi 82 kati ya 82 na nusu zimetoka kwa klabu mbili za Kariakoo ambazo unaweza kutoka makao ya moja hadi ya nyingine kwa mguu. Uzifute leo timu nyingine zote, ubaki na Simba na Yanga wakichezeana wao kwa wao kila Jumamosi, namba ya CAF haitikisiki.

Najua jibu linalokuja: Simba na Yanga wamekomazwa na ligi hii hii. Wamekomazwa na nani? Chukua msimu wa 2024/25. Simba walipoteza mechi mbili za ligi, zote mbili kwa Yanga. Dhidi ya timu nyingine 14, nyumbani na ugenini, mechi 28, hawakufungwa hata moja. Walishinda 25 na kutoa sare tatu. Yanga nao katika mechi 28 dhidi ya timu hizo hizo walifungwa mbili tu, na Azam na Tabora United. Azam walimaliza wa tatu wakiwa na pointi 63, Simba wa pili wana 78, Yanga 82. Pointi 15 kati ya wa pili na wa tatu! Ukiwa na mkeka mkononi ni raha, kwa sababu unajua pa kuweka hela. Ila usiniambie ni ushindani.

Na hao wawili wenyewe walipotakiwa kukutana Machi 8, 2025, mechi haikuchezwa. Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani siku moja kabla, wakagoma kucheza, mechi ikaahirishwa, kamati zikakaa, kalenda ikapinda. Ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 na kubeba ubingwa. Miezi mitatu na nusu. Timu nyingine zilikuwa zimeshazoea kupanga maisha yao kufuata viporo vya wakubwa. Safari hii na mashabiki tukajifunza.

Lakini mahali ambapo kauli ya "ligi bora" inanikera zaidi ni kwenye zile nafasi mbili za ziada za CAF. Tunazisherehekea kana kwamba zimewainua wadogo. Tuwafuatilie basi. Msimu wa 2021/22 nafasi moja ilikwenda kwa Biashara United ya Musoma. Wakaitoa Dikhil ya Djibouti. Wakawafunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 jijini Dar es Salaam, matokeo ambayo Simba na Yanga wangeyaandalia msafara. Marudiano yakawa Libya, na Biashara hawakusafiri. Safari ilikwama, ndege haikuruka na wao, wakatolewa mashindanoni huku wakiongoza kwa mabao mawili. Msimu huo huo wakashuka daraja. Mwaka uliofuata zamu ikawa ya Geita Gold, waliotolewa mapema na Hilal Al Sahil ya Sudan, na msimu wa 2023/24 wakashuka daraja nao. Klabu inayotoka kucheza kimataifa na kushuka daraja ndani ya miaka miwili haijabebwa na ligi bora. Imepewa tiketi isiyo na nauli.

Kuna hoja moja ngumu, siikwepi. Msimu wa 2025/26 timu zetu zote nne ziliingia hatua ya makundi: Yanga na Simba kwenye Mabingwa, Azam na Singida Black Stars kwenye Shirikisho. Haijawahi kutokea, na ni jambo la kujivunia. Ila tazama Azam: utajiri wote ule, uwanja wake Chamazi, ubingwa wa 2014, na ndiyo mara ya kwanza wanaonja makundi. Halafu tazama hao Singida. Timu hiyo ilipandishwa Ligi Kuu ikiitwa Ihefu, ya Mbarali, Mbeya. Katikati ya msimu wa 2023/24 ikahamishiwa Singida, kisha ikabadilishwa jina. Watu wa Mbarali waliokuwa wakiishangilia kwao waliamka hawana timu. Huo ni uwezo wa fedha za mwenye timu kuhama na timu, na sielewi kwa nini tuuhesabu kama uwezo wa ligi.

Hapa ndipo mambo yanapotufikia sisi wa Manyara. Singida hapakuwa na nafasi ya timu mbili, ikabidi ile iliyokuwepo, Singida Fountain Gate, iondoke. Ikapunguza jina, ikabaki Fountain Gate, na msimu wa 2024/25 ikatua Babati, uwanja wa Tanzanite Kwaraa. Ghafla mkoa wetu una timu ya Ligi Kuu. Nilifurahi kama wengine. Kutoka huku juu unateremka Dareda, unafika Babati, unamwona Pacôme Zouzoua wa Yanga kwa macho yako badala ya kumtazama kwenye banda umiza huku mtu amekukalia begani. Lakini tusidanganyane kuhusu ilivyokuja. Kijana wa Tumati anayetaka kufika Ligi Kuu na timu ya kwao anatakiwa apite ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, First League, Championship, ndipo aione. Timu yetu ya Babati haikupanda ngazi hata moja kati ya hizo ikiwa na jina la Manyara. Ilishushwa na gari. Na mwisho wa msimu wake wa kwanza hapa ikanusurika kushuka daraja kwa mechi za mchujo, wakati huo huo kijiweni watu wakiimba ligi bora, ligi bora.

Wamarekani wana ugonjwa huu huu wa kujisifu, na wao wameutengenezea kabisa kitengo. Mpira wao ule wa kofia ngumu, wa vyuo vikuu, unapangiwa timu bora 25 kabla hata mechi moja haijachezwa. Shirika la habari la AP linapanga timu kabla ya msimu tangu 1950. Mwaka 2024 Florida State walipangwa wa 10 kabla ya msimu. Walishinda mechi mbili, wakapoteza kumi. Kinachonichekesha zaidi ni ukanda wa kusini unaoitwa SEC: chuo kinafungwa mwaka mzima, lakini jirani yake akitwaa ubingwa, mashabiki wa aliyefungwa wanasimama na kuimba jina la ukanda. Tofauti ni kwamba SEC, hata kama wanaimba kwa majivuno, ubingwa wao wa taifa wa miaka saba mfululizo, 2006 hadi 2012, ulibebwa na vyuo vinne tofauti. Sisi misimu minane, kuanzia 2017/18 hadi 2024/25, ni Simba nne mfululizo halafu Yanga nne mfululizo. Hata Kenya tunayoicheka, msimu wa 2024/25 taji lilikwenda kwa Kenya Police, ambao walikuwa hawajawahi kulishika.

Watu wa Mbulu tusingepaswa kuelekezwa kwamba ushindi wa jirani si wako. Huku ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa 57, wa mwisho, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, mguu umefungwa bandeji. Mshindi alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia. Hakuna aliyewaza kumpunguzia Akhwari muda kwa sababu jirani wa Afrika Mashariki ameshinda, na yeye hakuomba. Heshima aliyonayo hadi leo ni ya miguu yake.

Sisemi ligi haijakua. Mkataba wa Azam Media wa mwaka 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, umebadilisha mambo. Timu ya mkoani leo inaonekana mpaka Haydom, na mchezaji ana pa kuanzia anapodai mshahara. Lakini ukuaji upimwe pale unapotakiwa kutokea. Julai ijayo ubishi ukianza, ndugu yangu, achana kwanza na nani kasajili nani. Uliza Azam wako pointi ngapi nyuma ya wa pili. Uliza kama timu ya nne ina nauli ya kwenda Libya. Uliza Bodi ya Ligi kama kuna kanuni inayozuia timu kuhamishwa mkoa kati ya raundi ya kwanza na ya pili. Na viongozi wa soka wa mkoa wetu waulizwe ni timu ngapi za Manyara ziko Championship na First League, kwa sababu huko ndiko itakakopita timu ya Mbulu kama itakuja kuwepo.

Tangu Mtibwa Sugar itwae ubingwa mwaka 2000, hadi msimu wa 2024/25, ni Azam peke yake, mara moja, msimu wa 2013/14, aliyeingia katikati ya Simba na Yanga. Orodha hiyo ikipata jina la nne nitakuja kijiweni kuomba chai. Kwa sasa Tanzania ina klabu mbili kati ya klabu bora Afrika, na ligi ya kawaida.