Mzee wa Keko na Ukuta Wake

"Ile ni TB ya wafungwa, mwanangu. Ukuta ule haukujengwa kwa urembo."

Maneno ya mzee mmoja wa Keko hayo, Jumamosi iliyopita, kijiweni, kikombe cha kahawa mkononi na kashata mdomoni. Redio ilikuwa imetoka kutaja kifua kikuu magerezani, na wenzake wakaitikia kama maamuma nyuma ya imamu. Mmoja akaongeza lile neno ambalo nikilisikia kichwa kinaniuma: gereza si hoteli. Jamani, nani alisema ni hoteli? Tangu nizaliwe sijamsikia mtu akidai mahabusu aletewe shuka jeupe na chai ya maziwa. Watu wanaomba dirisha.

Roho mbaya haikunishtua. Napanda daladala kila siku, nimeizoea. Kilichonichoma ni kwamba mzee anakaa Keko, ubavuni mwa gereza la mahabusu! Akipiga chafya uani kwake, askari wa lindo anaweza kumwambia afya. Halafu mtu huyo anauamini ukuta.

Haya, tuuseme huo ukuta. Una lango, na lango la gereza la mahabusu halijui kupumzika. Kwa miaka mingi karibu nusu ya waliomo magerezani mwetu wamekuwa mahabusu, watu ambao hakuna hakimu aliyewatia hatiani. Kila baada ya siku 14 hivi lazima wapelekwe kesi ikatajwe. Alfajiri wanapakiwa kwenye karandinga, wamebanana kama kuku wa mnadani. Wakifika wanasukumwa kwenye chumba cha kusubiria cha mahakama pamoja na waliotoka vituo vya polisi usiku huohuo. Jina linasomwa. Mwendesha mashtaka anasimama: upelelezi haujakamilika. Kesi inaahirishwa, karandinga linarudi. Dakika tatu za haki, kutwa nzima ya kupumuliana. Piga hesabu mwenyewe: mtu wa kesi ya mwaka mmoja ameenda mara 26, na kurudi 26.

Na huo upelelezi, Mungu anisamehe. Fundi wangu wa makabati ana mwezi wa nne ananiambia mbao hazijakauka, lakini hata yeye akiniona anainamisha macho. Kuku anaibwa Mbagala, upelelezi unakula miaka miwili, utadhani kuku alitorokea Brazil.

Nimeitaja Brazil, basi nisiiache. Katika mji wa Dourados watafiti walichukua vimelea vya kifua kikuu vya watu wa mjini na vya wafungwa, wakavilinganisha vinasaba. Zaidi ya nusu ya vimelea vilivyopatikana mjini vilikuwa na undugu na vya gerezani. Kule nako kuta zipo, tena ndefu. Hazikusaidia kitu, kwa sababu kimelea hiki husafiri hewani, mtu akikohoa, akiongea, hata akiimba, na katika chumba kisicho na upepo wala jua hukaa kikielea kwa saa nyingi. Wataalamu hutuambia kwamba mgonjwa mmoja asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu 10 hadi 15 kwa mwaka. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye kitanda chake na dirisha lake.

Mpwa wangu hakuwa na kitanda. Alikaa mahabusu miezi saba kwa kushukiwa kuiba simu ambayo mwenye nayo alikuja kuikuta kwa shemeji yake. Gereza silitaji, wala mahakama. Haya ninayoyasema yangeweza kutokea kwingine. Walilala ubavu ubavu, nyapara akipiga makofi wote wanageuka. Mwezi wa nne alikohoa damu, akapimwa makohozi, akaanzishiwa dawa, na hapo nawapa hongera. Wiki tatu baadaye wakahamishiwa gereza jingine kupunguza msongamano. Yeye akahama, kadi yake ya dawa ikabaki. Siku kesi ilipofutwa aliachiwa palepale mahakamani, akapanda daladala, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, akaja nyumbani tukamchinjia kuku. Katika dawa za miezi sita, alikuwa amemeza za wiki tatu tu. Mama yangu, mwenye miaka 74, alianza kukohoa kabla ya mfungo. Mzee wa Keko angesema mama yangu naye alifungwa.

Kijiwe nacho hakikosi mganga. Kijana wa bodaboda akatoa dawa: wenye TB wote wafungiwe humohumo mpaka wapone. Majirani zetu walishaijaribu. Agosti 2010, huko Kapsabet nchini Kenya, mahakama iliamuru wanaume wawili walioacha dawa za kifua kikuu wakae gerezani miezi minane, ati ili watibiwe. Ni sawa na kuzima moto kwa kuusukumia kwenye banda la makuti. Walitoka baada ya siku 46, na Machi 24, 2016, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, Mahakama Kuu ya Kenya ikasema kuwatia wagonjwa gerezani namna ile ni kinyume cha Katiba. Nilipomsimulia, kijana aliniuliza kama majaji wa Kenya hawana watoto. Wanao, bila shaka, na watoto hao wanapumua.

Tena hapa kwetu lango la gereza kuna siku hufunguka lote. Desemba 9, 2019, pale Mwanza, Rais Magufuli alitoa msamaha kwa wafungwa 5,533. Watu 5,533 kwa hotuba moja! Nilifurahi, nilipiga makofi mbele ya televisheni. Vijiweni iliulizwa wezi wangapi wanarudi mitaani. Sikumsikia hata mmoja akiuliza wangapi wanarudi na kadi za dawa.

Na tumsahau mfungwa, maana najua hamumpendi. Askari magereza je? Anashinda ndani, anahesabu watu usiku kwenye mabweni yale yale, hewa ile ile. Zamu ikiisha haachi mapafu yake getini pamoja na funguo. Anapitia sokoni, ananunua dagaa, anambusu mwanawe, na mwanawe kesho yuko darasani na wenzake 90.

Haya ya mwisho nilimwambia mzee kwa sauti, kahawa yangu imeshapoa. Akanisikiliza kwa upole, akasuuza kikombe chake kwenye ile ndoo yetu sote, akaniwekea mkono begani. Karandinga likapita, vumbi likatufunika. Mbele, kando ya dereva, askari akampungia mkono, naye akampungia.

"Mpangaji wangu yule," akaniambia. "Chumba cha uani, pale wanapolala wajukuu. Halipi kwa kuchelewa hata siku moja."