“Ni katuni tu”? Kaa uitazame naye

Shule zikifungwa Desemba, mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanashusha familia Moshi mjini, na safari inaendelea hadi Marangu, Machame, Kibosho na Rombo. Wakubwa wana vikao vya ukoo, ibada, harusi na ndafu. Watoto wamejibanza kwenye kochi na simu ya mjomba. Bibi akiuliza wanaangalia nini, jibu ni moja: “Katuni.” Bibi anaridhika, maana kwake katuni ni kitu cha watoto.

Lakini katuni nyingi za Kijapani, zile vijana wanazoziita anime, hazikutengenezwa kwa ajili ya mtoto wa chekechea. Mfano mzuri ni Yu-Gi-Oh! VRAINS, tamthilia ya vipindi 120 iliyorushwa na TV Tokyo ya Japan kuanzia Mei 2017 hadi Septemba 2019. Ukiichungulia kwa dakika mbili utaona vijana wakipambana kwa kadi ndani ya ulimwengu wa kompyuta, wakiwa na sura za kubuni na majina ya bandia. Ukikaa nayo zaidi unakuta habari nzito: watoto sita wa miaka sita walitekwa, wakafungiwa kila mmoja peke yake kwa miezi sita, wakalazimishwa kucheza kadi katika uhalisia pepe. Aliyeshindwa alipigwa shoti ya umeme na kupunguziwa chakula.

Hadithi inaanza miaka kumi baadaye, na hapo ndipo mzazi ana la kujifunza. Watoto wale walipata mkasa mmoja, ila kila mmoja ametoka na jeraha lake.

Yusaku, mhusika mkuu, anasoma, anakula, anatembea kama wenzake. Kwa nje hana tatizo. Ndani hana rafiki, na hawezi kuendelea na maisha mpaka ajue nani alimfanyia vile na kwa nini. Jin hakuweza kusimama tena. Bado anaishi na hofu, na kaka yake mkubwa, anayeuza hot dog kwenye gari, ndiye anayehangaika kutafuta ukweli. Takeru alirudi akakuta wazazi wake wamekufa kwa ajali wakiwa wanamtafuta. Akalelewa na babu na bibi, akawa mtoro na mgomvi, na kadi zenyewe akaziogopa. Spectre ndiye wa kushtua zaidi: yeye alifurahia kule kifungoni. Alikuwa yatima, na kwa mara ya kwanza aliona kuna mtu anamhitaji.

Hii ni hadithi ya kubuni, lakini wahudumu wa afya ya akili wanawajua watoto wa aina hizo nne. Mtoto aliyepigwa, aliyefanyiwa ukatili au aliyefiwa ghafla si lazima alie. Mmoja ananyamaza na kufaulu mtihani. Mwingine anaanza tena kukojoa kitandani, anaota ndoto za kutisha, au kila asubuhi ya shule anaumwa tumbo lisiloonekana hospitali. Wa tatu anakuwa mkorofi, na dawa anayopewa ni fimbo. Wa nne anamng’ang’ania yeyote anayemwonyesha upendo, hata kama mtu huyo ana nia mbaya.

Katika vihamba vya Kilimanjaro wapo kina Takeru wengi wanaolelewa na bibi. Kumwambia mjukuu kama huyo “mbona mdogo wako ameshasahau” hakumsaidii. Kila mtoto ana mwendo wake wa kupona.

Kuna jambo jingine katika simulizi hiyo. Yusaku akiwa kifungoni alisikia sauti ikimwambia afikirie mambo matatu: ya kumfanya aishi, ya kumrudisha nyumbani, ya kumshinda adui. Ilikuwa sauti ya mtoto mwenzake, mwana wa mtafiti aliyeongoza ukatili ule. Ni mtoto huyo huyo aliyetoa taarifa mpaka wenzake wakaokolewa. Mtoto aliye kwenye shida anahitaji mtu mmoja wa kusema naye, na anayejua siri anahitaji mtu mmoja wa kumwambia bila kuogopa kipigo.

Wazazi wengi huuliza mtoto aangalie simu kwa muda gani. Kwa walio wadogo jibu lipo: Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kuwa mtoto chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Kwa mkubwa, muda una maana na usingizi wake ulindwe, ila muda peke yake hautoshi. Jua anaangalia nini.

Chagua siku, kaa naye, tazameni kipindi kimoja. Usianze kukosoa. Muulize, “Huyu kwa nini haongei na wenzake?” au “Ungekuwa wewe, ungemwambia nani?” Mtoto ambaye hawezi kusema “mimi” mara nyingi anaweza kusema “yule”. Akianza, msikilize mpaka amalize. Usimkatishe kwa ushauri, na usimwahidi kuwa utaficha jambo ambalo lazima lishughulikiwe.

Ukiona dalili zilizotajwa zinadumu kwa wiki kadhaa, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo mnaweza kupewa rufaa kwenda Mawenzi au KCMC. Kama kuna ukatili usisubiri dalili: mwone ofisa ustawi wa jamii au fika dawati la jinsia na watoto polisi. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto haitozi hata senti, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfundishe leo aikariri.