Hela yetu isiishie kwenye pete za titani

Wenzangu, ubishi wa kwenye grupu juu ya ile fimbo ya kuvulia tunayotaka kujiundia umekuwa mrefu, acha na mimi niseme. Hela ya kundi isiende kwenye pete za titani. Tumeichanga kidogo kidogo, wengine wameitoa kwenye hela ya chakula. Fimbo ikikatika mwezi wa kwanza, hakuna wa kuturudishia.

Titani ina sifa mbili, haishiki kutu na ni nyepesi. Kutu ni shida ya wavuvi wa baharini, kule kwenye chumvi. Ziwa Nakivale ni maji baridi, pete za chuma cha kawaida kisichoshika kutu zinatosha kabisa. Wepesi sikatai, una faida: ncha ikiwa nyepesi mkono unasikia haraka samaki akigusa. Anayetupa chambo bandia kutwa nzima ataona tofauti. Lakini sisi tunaweka chambo, tunakaa, tunangoja kambare. Kambare akimeza, utajua tu! Na pete moja ya titani inaweza kula bei ya seti nzima ya zile za kawaida.

Mahali ninapokubali kuongeza hela ni pete ya nchani. Samaki akivuta, hiyo ndiyo inasuguliwa kuliko zote. Mshipi wa kusuka ukishika matope unakuwa kama msumeno: unachimba mfereji kwenye pete laini, halafu mfereji nao unaanza kuula mshipi. Kwa hiyo hiyo moja tununue yenye duara gumu la silikoni kabaidi, fremu iwe ya chuma tu. Inashikwa na gundi ya joto, ikiharibika unaipasha na kuitoa. Zingine zote ziwe za kawaida, ila tuzipime hapo hapo dukani: pitisha pamba ndani ya duara, ikinasa ujue kuna ufa.

Halafu ufito wenyewe, ambao sijui kwa nini hakuna anayeuzungumzia. Kaboni ni nyepesi na inapendeza, lakini ikigongwa kwenye ubao wa mtumbwi inaweza kupata jeraha usiloliona, na siku ya samaki mkubwa inakatikia hapo. Fibaglasi ni nzito, inapinda, inavumilia. Kamongo anavuta kama mbuzi aliyekataa kamba. Kwake mimi nachukua fibaglasi.

Na nyinyi wa mashirika mnaotusoma hapa, mkipanga kuleta vifaa vya uvuvi, msianze na fimbo yenye jina. Muulizeni kwanza mvuvi anatumia mshipi gani, ndoano za ukubwa gani, na kama ana kibali, juu bila kibali hata fimbo ya dhahabu itakamatwa.

Hela itakayobaki inunue mshipi na ndoano za akiba, maana meno ya kamongo tunayajua. Anayetaka mpini wa gome la mti, lile la vizibo vya mvinyo, achange mwenyewe.