LUMBESA: MIZANI IKO WAPI?



Wako wanachama wasemao kwamba mambo ya soko si kazi ya Chama. Chama, wasema wao, ni cha mishahara, saa za kazi na likizo. Bei ya viazi waachiwe akina mama na wachuuzi. Leo twataka kuwajibu ndugu hao kwa maneno wazi, maana pasipo kujua wanawalinda watu wanaotuibia.

Mshahara si zile noti. Mshahara ni unga, viazi, mafuta ya taa na nauli. Ukiongezewa shilingi elfu moja na soko likaichukua elfu hiyo, umeongezewa nini? Wafanya kazi wa Mombasa walilijua jambo hili zamani. Walipogoma Januari 1947, nao Chege Kibachia na African Workers' Federation wakawa sauti yao, hawakutenga mshahara mbali na gharama ya maisha. Walilia juu ya yote mawili pamoja.

Basi tazameni Soko la Wakulima la Nairobi, lile tuliitalo Marikiti, lililojengwa miaka ya 1960 karibu na Muthurwa. Usiku malori huingia na viazi na kabichi kutoka Kinangop na Ol Kalou, nyanya kutoka Mwea, vitunguu kutoka Loitokitok. Kabla ya alfajiri akina mama wa mboga wa Kaloleni, Mathare na Kawangware wamekwisha fika kununua, na jua likichomoza mboga ziko vibandani mitaani kwetu. Mama huyo ndiye anayetukopesha tarehe ishirini, mfuko ukiwa mtupu, akaandika jina katika daftari lake na kungoja mwisho wa mwezi. Hakuna benki inayomkopesha kibarua kabichi. Hata jina la sukuma wiki latosha kuonyesha mlaji wake ni nani. Soko hili likifungwa siku tatu, viwanda vya Nairobi vitaendeshwa na watu wenye njaa. Kwa hiyo hatusemi soko ni baya. Twasema ndani yake yumo mwizi, na jina lake ni lumbesa.

Kila mtu amekwisha iona. Ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa kofia ya wavu au kipande cha gunia jingine, likashonwa kwa kamba, likasimama refu kama mtu. Wakati gunia la viazi lilipohesabiwa kuwa la kilo 110, lumbesa ilipita kilo 150, na nyingine zaidi sana. Na bei? Bei ni ya gunia moja.

Fanyeni hesabu nasi. Tuseme lumbesa moja ina kilo 165. Lumbesa kumi ni kilo 1,650, yaani magunia 15 ya kilo 110. Mkulima amelipwa magunia kumi. Mchukuzi aliyepakia lori amelipwa magunia kumi. Langoni, ushuru ukitozwa kwa gunia, yamehesabiwa kumi. Lakini yakifika kwa mlaji, yakapimwa kwa mkebe na kwa mafungu, tazama, yamekuwa kumi na tano tena! (Na mikebe mingine imebonyezwa tako, lakini hayo tutayasema siku nyingine.) Magunia matano yamepotelea wapi? Hayakupotea. Yamo mfukoni mwa dalali, au broka kama mnavyomwita, ambaye hakulima, hakubeba, wala hakukaa kibandani kwenye mvua.

Angalieni basi ni nani anayeibiwa. Wengi wetu tuna kipande cha shamba nyumbani, na wazazi au wake zetu ndio wanaokilima. Mwanachama ana mama yake Nyandarua. Mama anauza lumbesa kwa bei ya gunia. Mwana yuko Nairobi, ananunua viazi vile vile kwa mkebe. Halafu mwisho wa mwezi anamtumia mama pesa za mbolea, kwa sababu viazi havikumlipa. Nyumba moja inakatwa huku na huku kwa kisu kimoja, nasi twasema si kazi ya Chama!

Tuje kwa mchukuzi. Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa lilishauri kwamba mzigo abebao mwanamume mzima ukizidi kilo 55, hatua zichukuliwe upesi kuupunguza. Lumbesa yetu ya kilo 165 ni mara tatu ya hizo, juu ya mgongo mmoja, kwenye ubao uliolowa maji, gizani. Mtu huyu hana mwajiri mmoja, hana mkataba, na akivunjika mgongo hakuna atakayemlipa fidia. Kama ingekuwa kiwandani, tungesimamisha mashine siku hiyo hiyo. Sokoni twampisha tu apite. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kilimpa kila mfanya kazi haki ya kuunda chama na kujiunga na chama. Hakikusema ni yule mwenye kadi ya kiwanda peke yake.

Madalali wana majibu yao. Wasema lumbesa ni desturi. Desturi ya nani? Viazi vikikaa juani hugeuka kijani, na mtu asiye na ghala wala lori hawezi kubishana na mwenye lori aliyesimama shambani kwake injini ikinguruma. Hayo si mapatano. Wasema tena kwamba gunia dogo litapandisha bei mjini. Bwana, sisi wa mitaani hatununui gunia, twanunua mkebe! Kila kilo tunayokula tayari twailipia. Bei ikipanda, itakuwa ni kwa sababu dalali amekataa kuachia yale magunia matano, na hilo na aje aliseme mbele yetu.

Sheria haikukosekana. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliagiza gunia lisipite kilo 50. Lakini kilo hazihesabiwi kwa macho. Katiba iliwapa kaunti kazi ya masoko. Basi kuweka mizani langoni ni juu yao, na ushuru utozwe kwa kilo. Wao wenyewe watapata mapato zaidi, na ndiyo maana twastaajabu kuona hawana haraka.

Jambo hili litaletwa katika mkutano ujao wa tawi, pamoja na shauri la kuwakaribisha wachukuzi wa Marikiti waje wajieleze wenyewe. Wajumbe wa Chama viwandani watapitisha daftari. Kila mwanachama ambaye watu wake nyumbani wanauza viazi awaulize gunia la mwisho lilikuwa la kilo ngapi na walilipwa shilingi ngapi, kisha aandikishe. Wakijibu kwamba kilo hawazijui, iandikwe hivyo hivyo: hawakupimiwa.