Keki ya Brandi Iende Kwenye Theluji

Na Rehema Mwakalinga

Kila Krismasi inapokaribia, Waingereza huoka keki nzito ya matunda, wakainywesha brandi wiki baada ya wiki, kisha wakaivika sukari nyeupe na kuiweka mezani wageni waimege kwa adabu. Keki hii inaonewa. Ni chakula cha watu wa kazi ngumu penye baridi, na anayefanya mazoezi ya ski hana sababu ya kuiacha kabatini.

Mwaka 2017 wahifadhi wa Antarctic Heritage Trust ya New Zealand waliikuta moja katika kibanda cha Cape Adare, huko Antaktika. Ilikuwa keki ya matunda ya Huntley & Palmers, iliyoachwa na watu wa msafara wa Robert Falcon Scott wa 1910 hadi 1913. Bati lake lilikwisha kuliwa na kutu, lakini keki ilibaki na umbo lake, na harufu yake ilikuwa karibu ya kitu kinacholika. Wale wanaume hawakuibeba iwe pambo. Walitaka mafuta na sukari nyingi ndani ya mzigo mdogo, tena chakula kisichooza upesi.

Mwanamichezo wa ski za masafa marefu hutumia miguu, mikono na kiwiliwili kwa pamoja, na akiba ya wanga kwenye misuli hupungua haraka. Mazoezi yakipita saa moja na nusu, wataalamu wa lishe hushauri gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Yakiwa marefu zaidi, hata 90, mradi glukosi ichanganywe na fruktosi. Zabibu kavu na tende zina zote mbili. Kipande cha gramu 80 hutoa wanga unaokaribia gramu 50, na unakila bila kuvua glavu, wakati jeli za wanga za dukani zinakuwa ngumu kwa baridi. (Weka tende kwa wingi. Zile cheri za rangi sizitaki kabisa.)

Siagi, hata hivyo, huchelewesha chakula tumboni. Kwa hiyo keki ni ya siku za mwendo mrefu wa polepole, si ya mashindano ya kasi. Waandaaji wa Vasaloppet, mbio za kilomita 90 kutoka Sälen hadi Mora nchini Sweden, huwapa washiriki supu tamu ya beri, na wana haki.

Sasa brandi. Watu wengi wanaamini inapasha mwili joto, na imani hiyo ni hatari. Pombe hupanua mishipa ya damu karibu na ngozi. Unajisikia moto huku joto la ndani likikimbia. Chupa ibaki nyumbani. Lakini keki si chupa. Chukua mililita 150 za brandi ya asilimia 40, uzigawe kwenye vipande 20: hata kama halikupotea tone, kila kipande kina takriban gramu 2.4 za alkoholi. Kazi yake humo ni ladha na kuzuia ukungu, basi.

Kwa watoto, na kwa asiyegusa pombe kwa sababu ya dini au afya, loweka matunda usiku kucha katika chai ya rangi kali yenye maji ya chungwa. Nguvu ya keki inatoka kwenye tunda, sukari na siagi, kwa hiyo hapungukiwi kitu, ila ataila ndani ya siku chache au aigandishe kwenye friza.

Vasaloppet hukimbiwa Jumapili ya kwanza ya Machi. Ndugu zangu mlioko Sweden na Norway mnaojiandaa, lowekeni zabibu sasa, okeni kwa moto mdogo, mkate vipande na kuvifunga kimoja kimoja kwa karatasi ya siagi. Siku za mazoezi marefu, kimoja kikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, na mkile kabla njaa haijauma.